restic kwa Kompyuta ya Nyumbani: Tathmini ya Programu ya Nakala Rudufu Isiyo na Kitufe Hata Kimoja

Programu ya restic haina dirisha la kubofya, haina vitufe, wala haina ile alama ndogo inayokaa pembeni mwa skrini ikimhakikishia mtu kwamba mafaili yake yako salama. Huendeshwa kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, na kwa sababu hiyo peke yake watu wengi wataiacha kabla hawajaijaribu. Hata hivyo, baada ya kuitumia kwa mafaili ya nyumba yetu hapa Dar es Salaam kwa muda uliotosha kompyuta moja kustaafishwa na nyingine kuchukua nafasi yake, nathubutu kusema kwamba sijaona programu inayoifaa zaidi nyumba yenye intaneti ya bando, umeme wa kukatikakatika, na walau mtu mmoja aliye tayari kukaa nayo mpaka aielewe. Sharti hilo la mwisho lina uzito wake, na ndilo litakaloamua kama tathmini hii inamhusu msomaji au la.

Ni programu huria isiyouzwa. Mwanzilishi wake ni Mjerumani Alexander Neumann, aliyeianza mwaka 2014, na sasa inaendelezwa na watu wengi chini ya leseni ya BSD inayomruhusu yeyote kuitumia, kuikagua na hata kuibadilisha. Imeandikwa kwa lugha ya Go, jambo ambalo kwa mtumiaji wa kawaida lina faida moja, nayo ni kwamba programu nzima ni faili moja tu: mtu hulipakua, huliweka kwenye folda anayoitaka, na kazi huanza bila usakinishaji wowote. Kuna matoleo ya Windows, macOS na Linux. Toleo lililotoka mwaka 2025 lilibeba namba 0.18, na sifuri hiyo ya mbele isimtishe mtu, kwa kuwa ni unyenyekevu wa waandishi wake kuliko dalili ya uchanga.

Kabla ya kupima programu ya namna hii yafaa kujua inalinda nini, na dhidi ya nini. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, kompyuta moja ya familia ndiyo hubeba kila kitu: picha zilizohamishwa kutoka simu tatu au nne zilizokwisha kufa, video ya harusi, vyeti vya shule na vya kuzaliwa vilivyoskaniwa, hati ya kiwanja, nakala za vitambulisho vya NIDA, hesabu za duka zilizo kwenye Excel, na tasnifu ya mtoto aliye chuo kikuu. Hatari zinazoviwinda vitu hivyo ni za aina tatu, na kila moja inataka dawa yake. Ya kwanza ni diski kufa. Diski zote hufa, zile za kuzunguka kwa kuchakaa kwa mitambo yake, na hizi za SSD mara nyingi bila kutoa onyo lolote. Ya pili ni kompyuta na diski yake ya akiba kupotea kwa pamoja, kwa maana mwizi hachukui laptopu akaiacha diski iliyochomekwa ubavuni mwake, na moto au mafuriko hayachagui. Ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni faili kuharibiwa likiwa papo hapo mahali pake, ama na mkono wa mwenyewe aliyehifadhi jedwali tupu juu ya hesabu za mwaka mzima, ama na virusi vya kudai fidia vinavyoyafunga mafaili yote, ambavyo aghalabu huingia nyumbani vikiwa vimejificha ndani ya programu za magendo ambazo watu huzipakua ili kukwepa kununua Windows au Photoshop.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni inayojulikana kwa tarakimu zake, 3-2-1: nakala tatu za kila faili, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba. Kanuni hiyo inazikabili vizuri hatari mbili za kwanza. Ya tatu haiigusi, kwa sababu mtu anayenakili faili lililoharibika mara tatu anabaki na uharibifu ule ule mahali patatu. Hapo kinachotakiwa ni historia, yaani uwezo wa kulipata faili kama lilivyokuwa wiki iliyopita, au kama lilivyokuwa Januari, na ni kwa kipimo hiki cha historia kwamba njia nyingi za kawaida huanguka.

Njia ya kuburuta folda hadi kwenye flashi sitaizungumzia sana. Flashi ni chombo cha kusafirishia mafaili, si cha kuyatunzia kwa miaka, na sokoni zimejaa zile za bandia zinazojitangaza kuwa na gigabaiti 512 au terabaiti nzima ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Zinapokea mafaili bila kulalamika, kisha zinayaandika mapya juu ya yale ya mwanzo. Yeyote anayenunua flashi au diski ya SSD kwa bei ya kushangaza aipime kwanza kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo huijaza data mpaka mwisho kisha huisoma yote na kusema ukweli wake. Zoezi hilo huchukua saa kadhaa, na kwa mnunuzi aliye na risiti mkononi ni saa zenye faida.

Huduma za kusawazisha, kama vile Google Drive na OneDrive, zinastahili maneno zaidi kwa sababu watu wengi huamini kwamba zikiwapo hakuna haja ya kitu kingine. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ambazo hugawanywa kati ya Drive, barua pepe na picha, na tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa humo. OneDrive hutoa 5 tu. Kwa mafaili ya kazi ya kila siku ni huduma nzuri mno, nami ninazitumia. Lakini kazi yake ni kuhakikisha kwamba kilichopo hapa kipo na kule, na hiyo inajumuisha makosa: faili likifutwa hapa linafutwa na kule, likikaa kwenye kapu la taka kwa siku 30 kabla ya kutoweka. Aliyefuta picha za mwaka mzima bila kujua, akagundua baada ya miezi mitatu, huduma hiyo haina la kumsaidia. Zaidi ya hayo, Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, jambo ambalo familia zenye picha za marehemu kwenye akaunti ya marehemu zinapaswa kulifanyia kazi mapema.

Mshindani wa kweli wa restic kwenye kompyuta ya Windows ni File History, iliyokuja na Windows 8 mwaka 2012 na ambayo bado inapatikana ndani ya Windows 11, ingawa imefichwa kwenye Control Panel ambako wachache hufika. Hiyo ina historia, hujiendesha yenyewe kila saa ikiwa diski imechomekwa, na nakala zake huonekana kama mafaili ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua. Kwa mtu asiyetaka kabisa kuandika amri, ningemshauri aiwashe leo, aache kusoma hapa. Ilivyo pungufu ni kwamba kila toleo la faili linahifadhiwa zima, hata kama kilichobadilika ni mstari mmoja, na kwamba diski ikiibwa, mwizi anakuwa na hati za nyumba nzima zikiwa wazi, isipokuwa diski yenyewe iwe imefungwa kwa njia nyingine. Wenye Mac wana Time Machine, ambayo kwa matumizi ya diski ya nyumbani ni nzuri kiasi kwamba sioni sababu ya kuwasumbua.

Sasa tuje kwenye restic yenyewe. Mtu huanza kwa kuunda ghala, yaani mahali nakala zote zitakapotunzwa, kwa amri ya init, akitaja mahali litakapokuwa, iwe ni folda kwenye diski ya nje, kompyuta nyingine, au nafasi ya kukodi kwenye wingu, na hapo hapo anatakiwa kuchagua nenosiri. Kila anapoendesha amri ya backup, programu hukata kila faili vipande vya ukubwa usiolingana, wastani wake ukiwa kama megabaiti moja, na mahali pa kukata huamuliwa na maudhui yenyewe ya faili, si kwa kuhesabu baiti kutoka mwanzo. Kila kipande hupewa utambulisho wake kwa hesabu ya SHA-256, na kipande ambacho ghala linacho tayari hakihifadhiwi tena. Mwishoni huandikwa orodha inayoonyesha jinsi folda zote zilivyokuwa wakati huo, na orodha hiyo ndiyo kumbukumbu ya siku ile, ambayo mtu anaweza kuirudia wakati wowote kana kwamba alinakili kila kitu upya.

Maelezo hayo yanaweza kuonekana kuwa ya mafundi, lakini matokeo yake yanaonekana hata kwa asiye fundi. Kompyuta za nyumbani zimejaa marudio. Picha zile zile za sikukuu zimo kwenye folda ya simu ya baba, kwenye ya mama, na kwenye folda nyingine iitwayo "Mpya", ambayo nayo ina nakala yake iitwayo "Mpya ya kweli". Programu ya kawaida ya kunakili huzichukua zote. Restic huchukua picha mara moja na kukumbuka kwamba inahitajika mahali panne. Vilevile mtu akiamua siku moja kupanga vitu vyake, akahamisha folda ya gigabaiti 40 kutoka mahali pamoja hadi pengine na kuibadilisha jina, programu nyingi za kunakili huiona kuwa ni kitu kipya na kuituma yote tena, ilhali restic hutambua vipande vyake na kutuma orodha tu. Kwa mwenye bando hiyo peke yake ni hoja ya kutosha.

Tangu toleo la 0.14 la mwaka 2022 restic hubana data pia kabla ya kuihifadhi. Hapa sitatia chumvi: picha za JPEG, video za simu na hata mafaili mapya ya Word na Excel yamekwisha kubanwa tangu yalipotengenezwa, kwa hiyo hayapungui kwa kiasi cha kuonekana. Kinachopungua ni maandishi matupu, mafaili ya zamani ya ofisi, na picha zisizobanwa zinazotoka kwenye skana. Nyumba yenye video nyingi isitarajie muujiza.

Kuhusu historia, mtumiaji mwenyewe ndiye anayeamua ni kumbukumbu zipi zibaki. Amri ya forget hupokea masharti ya wazi, kwa mfano kubakiza za siku 7 za mwisho, za wiki 4 na za miezi 12, na kumbukumbu nyingine zote huondolewa. Sharti kama hilo linamwezesha mtu aliyeharibu faili mwezi Machi akagundua Agosti kulipata faili la Februari, na kwa kuwa vipande visivyobadilika havirudiwi, mwaka mzima wa historia hauchukui nafasi kubwa sana kuliko nakala ya siku moja, ilimradi vitu vingi vya nyumbani, kama picha, vikishahifadhiwa havibadiliki.

Nafasi ya kukodi kwenye wingu ndiyo inayoleta mahesabu. Chukua nyumba yenye gigabaiti 100 za kulinda, na intaneti inayoweza kupandisha megabiti 2 kwa sekunde bila kuwabughudhi wengine. Kupandisha zote kutachukua zaidi ya siku nne na nusu usiku na mchana, na kwa bando la simu gharama yake inaweza kuzidi bei ya diski mpya. Njia niliyoiona kuwa ya busara ni kuanza na folda ndogo zisizo na mbadala, yaani vyeti, hati, hesabu na maandishi, ambazo kwa nyumba nyingi hazifiki gigabaiti 5, kisha kuongeza picha mwaka kwa mwaka, kuanzia za karibuni. Restic inasaidia kwa mambo matatu hapa. Chaguo la limit-upload huiwekea kasi ya juu isiyopaswa kuivuka, kwa kilobaiti kwa sekunde, ili watoto waendelee na masomo yao. Chaguo la dry-run huonyesha ni data kiasi gani ingetumwa kabla ya kutuma hata baiti moja. Na kazi ikikatizwa, sehemu kubwa ya yaliyokwisha kufika hayatumwi tena siku inayofuata. Wenye mkongo wa nyumbani usio na kikomo wanaweza kuiruka aya hii na kuendelea na maisha.

Kwa upande wa gharama ya nafasi yenyewe, kampuni ya Backblaze, ambayo huduma yake ya B2 inaungwa mkono moja kwa moja na restic, ilianza Oktoba 2023 kutoza bei ya dola 6 kwa terabaiti moja kwa mwezi, gigabaiti 10 za kwanza zikiwa bure. Msomaji aangalie bei ya siku yake. Kwa kiwango hicho gigabaiti 100 hazifikii hata senti 60 za dola kwa mwezi, na folda zile ndogo za vyeti na hati hazilipiwi kitu. Kikwazo kwa wengi si bei, ni namna ya kulipa, kwa kuwa huduma hizi hutaka kadi ya benki inayokubalika mtandaoni. Kadi pepe zinazotolewa na huduma za pesa kwa simu, kama GlobalPay ya M-PESA nchini Kenya, zimelipunguza tatizo hilo. Asiyetaka kabisa kulipa anaweza kuitumia restic pamoja na programu nyingine ya bure, rclone, inayoiunganisha na huduma za wingu, na kuelekeza ghala lake kwenye gigabaiti 15 za Google Drive.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaodai kwamba wingu limeifanya diski ya nyumbani kuwa kitu cha zamani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu kwa siku kadhaa. Mtu ambaye kompyuta yake ingekufa wiki ile, akiwa na nakala zake zote ng'ambo, angekaa akisubiri nyaya zitengenezwe. Diski ya nje ya terabaiti moja au mbili hurudisha folda zote kwa saa chache, bila bando na bila ruhusa ya mtu. Wingu nimeliweka kuwa kinga ya moto na wizi tu.

Umeme unapokatika katikati ya kazi, jambo ambalo kwa mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda, ni la kutarajiwa, restic ina tabia ninayoisifu kuliko nyingine zote: haibadilishi kilichokwisha kuandikwa, bali huongeza mafaili mapya tu, na kumbukumbu ya siku huandikwa mwisho kabisa baada ya vipande vyake vyote kufika. Kwa hiyo kazi iliyokatizwa haiharibu kumbukumbu za zamani. Inaacha tu vipande visivyo na mwenyewe, na pengine kufuli ambalo huondolewa kwa amri ya unlock. Kinachoweza kuharibika ni mpangilio wa diski yenyewe, na hapa napenda kuwaasa wanaotumia Windows peke yake waiandae diski yao ya nje kwa mfumo wa NTFS, kwa kuwa exFAT, ambao diski nyingi huja nao kutoka dukani, hauna kumbukumbu ya ndani ya kujirekebisha baada ya kukatizwa ghafla. Pia diski ichomolewe kazi inapokwisha. Virusi vya kudai fidia hufunga kila diski vinavyoiona, na ghala la restic lililochomekwa wakati huo linaweza kufungwa kama folda nyingine yoyote.

Kwa wasiolipia wingu, nakala ya nje ya nyumba inaweza kuwa diski ya pili inayokaa kwa ndugu. Familia zinazokwenda Moshi kila Desemba, au Tanga kila Idi, zina ratiba iliyokwisha kupangwa: diski moja inakwenda, nyingine inarudi. Hapa usimbaji wa restic unaonyesha thamani yake, kwa sababu kila kilichomo ghalani kimesimbwa kwa mbinu ya AES-256, kisisomeke bila ufunguo, na anayeifungua diski bila nenosiri huona mafaili yenye majina ya herufi na tarakimu zisizo na maana. Shangazi anaweza kuiweka diski kwenye droo ya sebuleni bila mtu kuona hati ya kiwanja cha nani imo ndani. Ni vyema kila diski iwe na ghala lake lililoundwa peke yake, badala ya kunakili ghala moja kwenda jingine kwa kuburuta folda, ili uharibifu wa moja usihamie kwenye la pili.

Kasoro zake ni za kweli, na baadhi zinaudhi. Kwenye Linux na macOS kuna amri ya mount inayolifungua ghala kama folda ya kawaida, mtu akapekua siku moja baada ya nyingine mpaka apate anachotafuta. Kwenye Windows, ambako ndiko waliko watu wengi wa nyumbani, amri hiyo haipo, na mtu hulazimika kutafuta jina la faili kwa amri ya find, kisha kulirudisha kwa restore akitaja njia yake yote. Restic haina ratiba yake. Ni lazima kuiandikia faili dogo la amri na kulikabidhi kwa kipanga kazi cha Windows, na kazi hiyo ikishindikana usiku hakuna atakayeambiwa. Mafaili yanayotumiwa na programu nyingine wakati huo, kama sanduku la barua la Outlook, hayachukuliwi vizuri bila kuongeza chaguo la use-fs-snapshot na kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi. Na haihifadhi Windows yenyewe kwa namna ya kuiwasha tena kompyuta ilivyokuwa: diski kuu ikifa, mtu atasakinisha mfumo upya na programu zake, ndipo arudishe mafaili. Mimi sioni hilo kuwa hasara kubwa, kwa kuwa Windows hupatikana tena lakini picha za ubatizo hazipatikani. Mwenye programu za ofisi zilizosakinishwa kwa taabu ataona vingine.

Jambo la kuangaliwa zaidi na wenye bando ni amri ya prune, inayofuta vipande visivyohitajika tena baada ya forget. Kwenye diski ya nyumbani haina tatizo. Kwenye wingu, hata hivyo, ili kupanga upya mafaili yenye vipande hai na vilivyokufa kwa pamoja, programu hulazimika kupakua baadhi ya data na kuipandisha tena, na anayeiendesha kila wiki bila kuijua tabia hiyo atashangaa bando lilikwenda wapi. Chaguo la max-repack-size huiwekea kikomo. Kwangu mimi forget huendeshwa mara kwa mara na prune mara chache, na nafasi kidogo inayopotea kati yake nailipia kwa moyo mkunjufu.

Waliokwisha kukata tamaa kwa sababu ya dirisha jeusi wanaweza kuitazama Backrest, programu nyingine huria inayoivalisha restic kurasa za kivinjari zenye vitufe, ratiba na taarifa za makosa, na inayowezesha kupekua kumbukumbu hata kwenye Windows. Inatengenezwa na watu wengine, si wale wa restic, na ghala lake ni ghala la kawaida la restic, kwa hiyo ikiachwa siku moja hakuna kinachopotea. Ushauri wangu ni kujifunza amri tano za msingi kwanza, kwa sababu siku ya kurudisha mafaili kwenye kompyuta ngeni huenda ikawa ni siku ambayo Backrest haipo.

Ukaguzi wa ghala ndio unaoitofautisha restic na mazoea ya "nimenakili, basi". Amri ya check huthibitisha kwamba orodha zote zinakubaliana na vilivyomo, na ikiongezewa chaguo la read-data-subset kwa asilimia 10, husoma kweli sehemu hiyo ya data na kuilinganisha na utambulisho wake. Diski inayoanza kuoza hubainika hapo, ilhali kwa njia ya kuburuta folda mtu hugundua siku anapoifungua picha ikaonekana nusu. Kila mwezi ukaguzi wa namna hiyo unatosha, pamoja na kurudisha folda moja yoyote kwenye mahali pa muda na kuifungua kwa macho. Programu inayonakili vizuri lakini inayorudisha kwa tabu ningeinyima nyota. Restic, pamoja na uzito wa amri zake, kwenye kurudisha haijawahi kunipa faili lisilofunguka.

Limebaki suala la nenosiri, ambalo kwa nyumba naliona kuwa zito kuliko kasoro zote nilizozitaja. Nenosiri likipotea, ghala limepotea, na hakuna ofisi ya kupigia simu wala swali la "mama yako alizaliwa wapi". Katika familia maana yake ni kwamba aliyeisimika restic akifariki au akiugua, picha za familia nzima zinafungwa pamoja naye. Waandishi wa programu wameliacha jibu ndani yake: amri ya key add huongeza nenosiri jingine kwenye ghala lile lile, kwa hiyo mke, mume au mtoto mkubwa anaweza kuwa na lake, na likivuja huondolewa bila kugusa la mwenzake. Ningependekeza pia faili la restic lenyewe, la Windows na la Mac, liwekwe kwenye diski hiyo hiyo nje ya ghala, pamoja na karatasi iliyochapwa na kutiwa kwenye bahasha ambamo familia huweka hati zake nyingine, ikionyesha jina la ghala, nenosiri la pili, na amri mbili zilizoandikwa kikamilifu, ya kuorodhesha kumbukumbu na ya kurudisha kila kitu. Karatasi hiyo ichapwe upya kila diski au kompyuta inapobadilishwa, kwa kuwa herufi ya diski na njia ya folda hubadilika, na amri iliyoandikwa kwa D: haitafanya kazi kwenye kompyuta ambayo diski yake imepewa E:.